Kumpigia Hodi Mgeni

Asubuhi ilikuwa uji wa mchele uliotiwa tui, na swali langu lilikuwa lile lile. "Bi, utakunywa uji sasa, au tungoje kidogo?"

Jibu lake nalo lilikuwa lile lile. Aliinua mkono wa kulia, ule uliobaki mzima, akauweka kifuani, akatabasamu kwa nusu ya mdomo. "Nimeshiba, mwanangu. Alhamdulillahi."

Alikuwa hajala kitu tangu jana adhuhuri, na hiyo jana adhuhuri alikula vijiko vitatu.

Nilikuwa nimeajiriwa kumtunza bibi huyo baada ya kupooza upande wa kushoto. Kwao ni Pate, kama kwetu, ingawa si kijiji kimoja. Mwanawe, anayefanya kazi ya mashua kwenye hoteli moja ya Ras Kitau, alimchukua kutoka gati ya Mtangawanda kwa boti ya abiria, amelazwa kwenye godoro lililotandikwa baina ya mifuko ya watu, akamleta Amu, mji wa Lamu, nyumbani kwake. Nasema kwake, lakini nyumba ilikuwa ya mkewe. Mjini hapa binti akiolewa babake humpa nyumba, au hata ghorofa moja tu ya nyumba, na mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo yule mwana, kila alipomwambia mamake "hapa ni kwako," alikuwa akimkaribisha mahali ambapo yeye mwenyewe aliingia na sanduku la nguo mkononi.

Jambo hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu, na kwa wiki kadhaa sikulikumbuka hata mara moja. Sababu ni kwamba nilikuwa na karatasi.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa amekwisha kufa, kisha Mama akafa, na nyuma yangu walikuwapo watatu, wa mwisho hajaota meno yote. Tangu hapo sikupewa karatasi yenye jina langu mpaka nilipoitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kutunza wagonjwa majumbani. Siku ya mwisho nilipewa cheti. Nilikitia plastiki, nikakitundika ukutani, na wadogo zangu, ambao sasa ni watu wazima wenye vyeti vikubwa kuliko hicho, walikuja mmoja mmoja kukitazama, na hakuna aliyecheka.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na mpaka leo nayafuata. Usizungumze na mgonjwa ukiwa umemsimamia juu ya kichwa, keti macho yenu yalingane. Sema polepole, lakini usimpigie kelele, kupooza si uziwi. Usimsemee. Muulize kabla ya kumgusa, mpe hiari, ngoja jibu, na jibu akilitoa liheshimu.

Nililiheshimu jibu la bibi yule mpaka mashavu yake yakaanza kuingia ndani.

Kila kitu nilimuuliza na kila kitu alinijibu. Unaumwa popote, Bi? "Siumwi." Nikufungulie dirisha? "Vyovyote, mwanangu." Nikuvue soksi nikuoshe miguu? "Wacha, nasikia baridi." Nikaiacha soksi. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo, ila maneno hayo yalitoka bila taabu, kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi.

Mkaza mwanawe, mwenye nyumba, aliumia kuliko sote. Alikuwa mwanamke wa kuitwa kwenye harusi kusimamia masufuria, na kuna watu Amu wasiokubali kuweka tarehe ya harusi kabla ya kumuuliza yeye kama ana nafasi. Sasa kila asubuhi alisimama mlangoni, ameshika kitambaa cha jikoni, akiuliza, "Mama, leo nikupikie nini?" na kila asubuhi akajibiwa, "Usijisumbue, mwanangu." Alipika viazi vya nazi, akapika samaki akamchambua mwiba kwa mwiba. Sinia lilirudi kama lilivyokwenda.

Muuguzi wa zahanati alikuja kumpima akakunja uso. Alitoka na mwana hadi ukumbini, nami nikafuata.

"Wiki mbili," alisema. "Akipungua tena, inabidi apelekwe Mombasa watie mpira wa kulishia puani. Mimi hapa siwezi."

Jioni hiyo nilimsikia mwana kwenye simu akiuliza ndege ya kutoka Manda, na kama watakubali mgonjwa aliyelala.

Hapo niseme kilichonipata, maana si kazi tu niliyoiogopea. Mama yangu alipelekwa Mombasa hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekwenda naye, nina miaka kumi na mitatu, nimebeba chupa ya chai. Daktari alipita asubuhi akamuuliza, "Mama, hujambo?" Mama akamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Akamuuliza kama analala, akasema analala. Halikuwa kweli hata jibu moja. Mama alikuwa mtu wa adabu, na yule alikuwa mtu mzima na mwenye mahali pake, amemsalimu vizuri. Nilisimama pale nikijua kwamba usiku kucha ameuma mtandio asisikike. Sikusema. Mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Daktari akaandika, akaenda kitanda kingine.

Basi nilipoisikia Mombasa kwenye ile simu, nilishika nguzo ya ngazi nikasimama kidogo.

Siku tatu baadaye mafundi walikuja kukwangua chokaa ya ngazini. Vumbi likajaa nyumba, mkaza mwana akafunga mlango wa chumba cha bibi. Mlango huo haukuwa ukifungwa. Mchana kutwa palikuwa na pazia tu, na kila mtu alipita: mwana akitafuta chaja, mkewe akichukua mashuka kwenye kabati, mimi na beseni langu. Tulikuwa na adabu zetu, tulisema salamu tukiwa tumekwisha kuingia.

Nilipanda na sinia mikono miwili: bakuli la mchuzi wa samaki, mkate wa mofa uliolowekwa mpaka ukalainika, na chai. Mlango umefungwa, mkono wa kubisha sina. Nikasema, "Hodi."

Nikasogea karibu zaidi, nikarudia.

"Hodi, Bi."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia katika nyumba ile, ya mtu mzima, iliyojaa. "Karibu. Karibu ndani. Ndoo."

Aliniambia njoo, kwa Kipate chetu, nami nikasukuma mlango kwa nyonga. Alikuwa ameegemea mito, kanga ameivuta vizuri kichwani kwa ule mkono mmoja, ananitazama.

"Keti," akasema. Nilielekea kwenye kiti changu. "Si hapo, hicho kitakuvunda mgongo. Keti hapa." Akapiga godoro kwa kiganja. "Habari za nyumbani?"

"Njema, Bi."

"Nduguzo hawajambo?"

"Hawajambo." Sikuwa najua kwamba anajua nina ndugu.

Niliweka sinia kitandani baina yetu, nikafungua mdomo kuuliza swali langu la kila siku, lakini tumbo langu likanitangulia. Lilinguruma kwa kirefu, wala halikuwa na haya.

Bibi alicheka. Ulikuwa mguno mfupi, bega likatikisika.

"Una nda. Hukunywa chai."

"Gesi ilikwisha, Bi."

"Basi kula."

"Bi, hiki ni chako."

"Kwangu mgeni hatizami chakula kwa mato akenda zake. Kula."

Kwangu, alisema. Sikulishika neno hilo wakati ule, nilikuwa nahangaika na cheti changu. Mtunzaji hali chakula cha mgonjwa. Lakini pia jibu la mgonjwa huheshimiwa, na huyu hapa kwa mara ya kwanza alikuwa amenipa jibu ambalo halikufanana na la jana. Nikakata kipande cha mofa, nikachovya, nikala.

Aliufuata mkono wangu kwa macho mpaka ukafika mdomoni. Kisha akaupeleka wake kwenye sinia, akakata kidogo, akachovya, akala.

Niliacha ili nimpanguse kidevu. Mkono wake nao ukaacha. Nikachukua tonge jingine, naye akachukua. Nikajifanya natafuta mwiba ndani ya mchuzi. Akangoja. Mara ya tatu nilijua nini kinanitokea.

Mama yangu alikuwa hivyo. Akija mgeni nyumbani, hata kama sisi tumekwisha kula, yeye alikaa naye sahani moja akimega vipande vidogo vidogo, maana mgeni akiachwa ale peke yake ataona haya na atainuka na njaa. Mwenye nyumba haondoi mkono kabla ya mgeni. Hatukufundishwa hilo kwa maneno, tulilitazama tu.

Nilikula polepole kuliko nilivyowahi kula. Nilihakikisha ameegemea wima na kidevu kimeinama, kama tulivyofundishwa, nikangoja ameze kabla sijapeleka mkono tena, halafu nikamega kipande kisichomtosha hata kuku.

"Mbona wala kama bibi arusi?" aliniuliza.

"Kitamu, Bi. Naogopa kitakwisha."

"Hakiishi. Kula, jikoni kumejaa."

Akala nusu ya bakuli.

Nilishuka na sinia nikaketi kwenye ngazi katikati ya vumbi, fundi mmoja akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilikuwa nazihesabu siku zangu zote na bibi yule. Tangu alipoingizwa nyumba ile alikuwa mgeni, tena mgeni kwa wakwe, ambao ndio ugeni mkubwa kuliko wote. Mgeni akiulizwa "utakula?" hawezi kusema ndiyo, maana anayetaka kumlisha mgeni humwekea chakula mbele yake, haulizi. Mgeni hasemi hapa pananiuma. Hasemi chai haina sukari. Nilikuwa nimemketia macho sawa kwa macho, nimesema polepole, nimempa hiari, na maswali yangu yote yalikuwa ya kumuuliza mtu aliye kwake.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kumlisha. Ilinibidi kumwambia mkaza mwana.

Nilimkuta jikoni.

"Amekula?" aliuliza bila kugeuka.

"Amekula nusu bakuli."

Aligeuka. "Cha nani?"

"Chako, dada."

Akaweka mwiko chini. "Umemfanya nini?"

"Nilipiga hodi."

"Ukapiga hodi."

"Nikala naye."

"Ukala chakula cha mavyaa wangu mgonjwa."

"Ndiyo."

Akavuta kibao cha mbuzi akakikalia. "Haya. Nieleze, kabla sijajua nikuchukulie vipi."

Nilimweleza kwa maneno machache, nikimtazama usoni, na nikiogopa. Alipofahamu, uso ulimbadilika, na haukuwa wa hasira.

"Mimi nimemwambia mara ngapi hapa ni kwake?"

"Mara nyingi, dada. Lakini wewe uliambiwa na nani kwamba hapa ni kwako?"

Alifikiri. "Hakuna aliyeniambia."

"Ndiyo hiyo tu."

Alifuta uso kwa kitambaa, sijui jasho au nini. "Kwa hiyo mimi, katika nyumba aliyojenga babangu, nisimame nje ya chumba changu nipige hodi."

"Na ungoje ukaribishwe."

"Na nikikaribishwa?"

"Usimuulize utakula nini. Nenda na njaa yako."

Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi wenzangu wa harusini wasilisikie hili."

Kesho yake asubuhi nilikuwa ndani namsuka bibi nywele, pazia limeshushwa. Tukasikia hatua zikasimama.

"Hodi."

"Nani?" bibi akauliza.

"Mimi, Mama."

"Mimi nani?"

Nilijua huko nje mtu anauma midomo. "Mkaza mwanao."

"Karibu. Vua viatu, hapa pamepigwa deki."

Aliingia miguu mitupu na birika na mahamri, akaketi pale alipoonyeshwa. Walikula. Nilichovya mahamri ya bibi kwenye chai ili yalainike, nikawaacha wazungumze. Walizungumza juu ya bei ya nazi, na juu ya mwana, jinsi alivyokuwa hataki kuoga akiwa mdogo, mambo ambayo mkewe aliyapokea kwa furaha kubwa. Kisha bibi akaonja chai yake tena, akakunja nusu ya uso.

"Chai hii haina tangawizi."

Mkaza mwana alitoka na birika. Baada ya muda nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta wa ngazi, machozi yanamtoka.

"Dada, usimchukulie vibaya."

"Vibaya?" akasema. "Amenitia makosa. Mwezi mzima yuko kwangu, leo ndiyo mara ya kwanza amenitia makosa."

Siwezi kusema kwamba kila siku ilikwenda hivyo. Kuna siku alichoka, kuna siku ulimi ulimwia mzito akakasirika akageukia ukuta, nasi tukapiga hodi tusiitikiwe, tukarudi baadaye. Mwana naye alifundishwa. Alisahau, akaingia kuchukua chaja, akaambiwa na mamake, "Toka, uingie tena." Baharia mzima, akatoka, akaingia tena.

Nami niliacha kuuliza "unaumwa wapi?" Siku moja niliketi kitandani pake nikasema tu, "Mgongo wangu leo, Bi, hauniachi."

"Ni kule kuninyanyua mimi. Pakaa mafuta ya uto, yakiwa na moto." Mwenye nyumba hamwachi mgeni na maumivu yake peke yake. "Hata mimi kisigino hiki chaniwaka. Kama niliyekanyaga kaa."

"Kipi, Bi?"

"Cha kushoto. Tangu nilipokuya."

Kilikuwa ndani ya soksi. Mguu wa upande uliopooza, nilidhani hausikii kitu. Niliivua taratibu, naye safari hii hakusema baridi. Kilikuwa kidonda cha kulalia, bado kidogo, chekundu pembeni, na mimi nilikuwa nimepita juu yake kila siku kwa sababu niliuliza vizuri nikajibiwa vizuri. Nilikisafisha, nikaweka mto mdogo chini ya mguu ili kisigino kielee. Nilimwomba radhi. Akasema, "Mgeni haombi radhi," na akaniuliza kama nimekula.

Wiki mbili zikatimia. Tiketi ya ndege ilikuwa imewekwa, Jumamosi asubuhi. Tulimpeleka zahanati kwa kiti cha magurudumu, mwana akikisukuma na mimi nikitangulia kuwaomba wenye punda watupishe kwenye vichochoro. Bibi alivaa buibui jipya la mkaza mwana.

Muuguzi alimpokea kwa upole. Aliinama mpaka macho yao yakalingana, akamshika mkono. Ni yeye aliyetufundisha.

"Hujambo, Bi?"

"Sijambo sana, mwanangu."

"Unakula vizuri?"

"Nashiba, alhamdulillahi."

"Kuna mahali panauma?"

Bibi aliweka mkono kifuani. "Hapana. Nyote mwanitunza."

Muuguzi akachukua kalamu.

Niliiona ile kalamu, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeshika chupa ya chai. Usimsemee mgonjwa, tulifundishwa, na aliyetufundisha ndiye huyu mbele yangu.

"Samahani," nikasema. "Hapa Bi ni mgeni wako, na mgeni hujibu hivyo." Nikasogea mbele. "Kula, sasa anakula, wewe mpime. Lakini kisigino cha kushoto kina kidonda na kinamuuma, hasa alfajiri." Nikageuka kwa bibi, na sikumuuliza. "Bi, namwonyesha kisigino chetu."

Alinikazia macho. Yalikuwa macho ya Mama hasa, ya siku ambayo mtoto ametoa siri ya nyumbani mbele ya watu. Nilibaki nimesimama hapo hapo. Kisha polepole akatazama kando, dirishani, na kwa mkono wake mzima akavuta buibui, akauacha mguu wazi.

Muuguzi alikitazama kidonda kwa muda. "Kimewahiwa," akasema. "Kingekwenda mfupani." Alikifunga, akanionyesha namna ya kukifunga. Kisha tukampandisha kwenye mzani, mwana upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaachia mikono kidogo tu. Mwana alifumba macho.

"Amepanda," muuguzi akasema. "Kilo moja na nusu. Mombasa mwende kutembea, si kwa mpira."

Mwana alitoka nje na simu yake. Tulimwona kupitia dirishani akizungumza na mtu wa ndege, akifuta uso kwa bega la shati.

Njiani kurudi bibi hakusema nami. Nilijua nimekosa na nilijua ningekosa tena. Tulipofika, mwana alimbeba kumpandisha ngazi, nikamweka tena kwenye kiti chake juu, nikamsukuma mpaka kwenye pazia. Hapo nikasimama kwa mazoea, nikafungua mdomo nipige hodi, nikaona hakuna wa kuniitikia. Mwenye chumba alikuwa huku nje pamoja nami.

Tulibaki hivyo, sote wawili tunatazama pazia. Kisha aliinyosha kanga kichwani, akasogeza pazia kwa mkono wake wa kulia, na akakitolea salamu chumba kitupu, kama afanyavyo mtu arudipo nyumbani kwake asipomkuta mtu. "Assalamu alaikum."

Nilimwingiza, nikarudi nyuma hatua mbili, nje ya pazia, nikangoja. Sikujua kama nitaitwa. Nilimsikia akipumua, akijiweka sawa.

"Ndoo," alisema. "Waja au wabaki huko? Na uwaambie jikoni tuna nda."